Mwaka Mbegu Zilipomngoja Nyar Alego

Pango lile lilinigharimu kuku mmoja, betri nne za tochi, soli ya kiatu changu cha kushoto, na Jumapili nzima ya soko la Kibuye. Nimehesabu tena sasa hivi kabla ya kuendelea na jibu ni lile lile. Kuku nilikuja kumpata mwingine, betri zilikuwa zimechoka tayari, na soli niliibandika. Jumapili ndiyo haijarudi, na mtu yeyote aliyewahi kutandika turubai Kibuye anajua kwamba siku nyingine zote za wiki ni za kuingojea hiyo moja. Naandika haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika mama yake Pamela, yule ambaye boma zima lilimwita Nyar Alego, yaani binti wa Alego, kama mke anavyoitwa kwa kule alikotoka, na tangu mvua ianze simu yangu hapa Migosi hainyamazi. Wanaonipigia wanataka kujua kilichosemwa ndani ya lile pango. Mashahidi tumebaki wachache, na mimi ndiye ninayesifiwa kwa kumbukumbu. Sifa hiyo niliitafuta mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlalamikia.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini na moja na nilikuwa nikiuza viatu vya mitumba. Tulikaa Kaloleni na rafiki yangu Pamela, ambaye alikuwa anashonea watu sare za shule, katika chumba tulichopangishwa na Bi Zuhura, mjane ambaye babake alikuja na reli kutoka pwani na hakuona sababu ya kurudi. Chumba kilikuwa na dirisha moja, kitanda kimoja, cherehani ya Pamela, na gunia langu la viatu ambalo mchana lilikuwa kiti na usiku lilikuwa ukuta kati yetu na mlango. Ukuta wa mbao uliotutenga na Bi Zuhura haukufika darini. Ukipiga chafya huku, Bi Zuhura alisema "afya" kule kwake, bila kuacha alichokuwa anafanya. Ijumaa alitutumia bakuli la pilau, nasi tulilirudisha na omena, dagaa wa ziwani, waliokaangwa na nyanya, kwa maana bakuli la watu halirudi tupu. Nilijaribu mara nyingi kupiga hesabu ni nani kati yetu anapata faida katika ile biashara ya mabakuli. Leo najua ni sisi, lakini wakati ule nilishuku sana, kwa sababu omena walikuwa wamepanda bei.

Basi asubuhi moja ya Jumamosi, mvua ya masika ikiwa imeshanyesha siku kadhaa, babake Pamela aliingia na gamubuti zenye matope mpaka magotini. Mzee Okumu alikuwa mtu mnene, mpana, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa na ng'ombe. Aliketi juu ya viatu vyangu, gunia likalia. Tulimpa chai. Alikunywa kikombe kizima akizungumzia bei ya sukari, cha pili akazungumzia daraja, na cha tatu ndipo akasema, akiangalia cherehani, "Mama yako bado yuko kwenye mawe."

"Bado?" Pamela akauliza. "Si alisema ni maombi ya siku chache?"

"Alisema hivyo."

"Na shamba?"

"Shamba liko vile Mungu aliliumba."

Inafaa nieleze hapa, kwa msomaji asiyetoka kwetu. Katika boma la Mjaluo mwenye wake wengi, msimu haufunguliwi na mvua. Unafunguliwa na mke wa kwanza, mikayi. Ni yeye anayetoa mbegu na kutia jembe la kwanza ardhini, halafu mke wa pili anafuata, halafu wake za wana, kila mmoja kwa zamu yake. Anayemruka mwenzake hakosei adabu tu. Anaivutia nyumba chira, ule ugonjwa wa mkosi unaokondesha watoto na kumaliza mifugo, na hakuna zahanati yenye dawa yake. Nyar Alego alikuwa mikayi. Ngurumo ya kwanza iliposikika alichukua leso mbili na chupa ya maji, akapanda kwenye mapango yaliyo katika vilima nyuma ya Otonglo, ambako watu wa kanzu, waumini wa makanisa ya roho, huenda kufunga na kuomba. Majirani wakapanda. Mahindi yao yakachomoza. Kwa Mzee Okumu, nyumba nne zilikuwa zimekaa mlangoni na mbegu kwenye mabakuli, zikitazama mvua ikianguka bure.

"Lakini mwaka jana mlipanda bila yeye," Pamela akasema, polepole, kama mtu anayepapasa sindano kwenye kitambaa. "Alipokuwa amelazwa hospitali. Nyachira ndiye alianza."

Nyachira ndivyo anavyoitwa mke wa pili. Kutoka upande wa pili wa ukuta tukasikia Bi Zuhura akisema, akijisemea tu, "Ahaa."

"Alikuwa mgonjwa," Mzee akasema. "Mvua ingemngoja? Na alikula yale mahindi. Hakusema neno."

"Hakusema neno mwaka mzima," Bi Zuhura akasema, sasa akijulisha kabisa kwamba yuko kwenye mkutano. "Mwanamke asiyesema neno mwaka mzima, Baba Pamela, huyo anaweka akiba."

Mzee alinigeukia mimi. Alikuwa ameniona Kibuye nikimuuzia mwalimu mkuu viatu viwili vya jozi tofauti na mwalimu akashukuru. "Wewe mwenye mdomo," akasema, "nenda na Pamela mkamtoe. Mwambie nitamwezekea jiko kwa mabati. Akikataa, ongeza mbuzi. Usianze na mbuzi." Maagizo hayo yaliniinua moyo. Nilikuwa sijawahi kuingia chini ya ardhi, na nilikuwa sijawahi kupewa bidhaa nzito namna ile kuipatania bei. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilimwachia jirani turubai langu, jambo ambalo lilinifanya nigeuke nyuma kila baada ya hatua chache mpaka tulipopita Kondele.

Pale Otonglo nilinunua kuku. Sikuwa na haja naye. Mwuzaji alikuwa na haraka, na mimi siwezi kupita mtu mwenye haraka. Mzee, aliyekuwa amefuatana nasi, tulimwacha kwenye kibanda cha chai kando ya barabara, akisisitiza kwamba ana shughuli zake sokoni. Tukapanda kwa njia ya mbuzi. Nilikuwa nimetarajia shimo kubwa jeusi kama mdomo, kitu cha kuogopesha. Tulichokikuta ni mawe. Mawe makubwa kuliko nyumba, yameegemeana kama walevi wanaorudi pamoja, na chini yao nyufa. Ungepita hapo na ng'ombe wako miaka thelathini usijue kwamba kuna nyumba ndani. Hapakuwa na kibao wala mzungu wa kupiga picha. Palikuwa na viatu vimepangwa kwenye jiwe bapa, jozi kama ishirini, nami nikavikagua kwa mazoea: vingi vilikuwa vimeisha kisigino.

Mlangoni alikaa Mama Roda, mwanamke wa kanzu ya kijani ambaye kazi yake ilikuwa kujua nani yuko ndani na nani ametoka.

"Kuingia ni ngapi, Mama?" nikauliza.

"Hatuuzi."

"Basi ni bure."

"Sikusema bure. Unatoa kwa moyo."

Hiyo ndiyo bei ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu haina mahali pa kuanzia kukata. Nikamwambia moyo wangu wakati huo uko vibaya, soko limelala. Mama Roda akatazama kikapu changu, kuku naye akamtazama. "Naona moyo wako una manyoya," akasema. Hivyo ndivyo nilivyoachana na kuku. Tukavua viatu, maana pale jiwe hukanyagwa kwa nyayo tupu, nikaviweka vyangu pembeni kabisa ambapo baadaye mvua ilivipata.

Unaingia kwa ubavu. Ufa wa kwanza ni mwembamba hata unabana pumzi, na mawe ni baridi kwenye tumbo na kwenye mgongo kwa wakati mmoja. Halafu ghafla hakuna jiwe, mkono wako unaelea, na sauti yako inarudi kutoka mbali kuliko ulivyoituma. Watu wa kanzu walikuwa wameyapa yale mapango majina ya nyumba. Chumba cha kwanza waliita Sebule. Kulikuwa na tundu juu ambalo liliteremsha mwanga mwembamba kama uzi wa nailoni, na ukutani masizi ya mishumaa ya miaka mingi. Kutoka Sebule unatambaa kuelekea Jikoni, ambako maji hudondoka kutoka kwenye jiwe mchana na usiku ndani ya sufuria, na sufuria haijai wala haikauki. Nilikaa nikiitazama kwa tochi mpaka Pamela akanivuta. Kutoka Jikoni kuna njia tatu. Nilitaka kujua zinakoenda, zote. Mama Roda, aliyekuwa ametutangulia, alisema mbili zina vyumba, na ya tatu wamewahi kuingiza kamba ndefu ikaisha kabla ya njia. Popo walikuwa wamening'inia pale juu wakinong'onezana, na harufu yao inashika koo, lakini baada ya muda unaizoea kama unavyozoea soko la samaki. Betri zikaanza kuzimika. Sikujali. Nilikuwa nimepata mahali pasipo na bei, na kichwa changu kilikuwa kinazunguka.

Mama Roda hakuwa na taa. Aliimba. Aliimba mstari mmoja wa wimbo wa kanisani kwa Kijaluo, akanyamaza, na kutoka gizani mtu akaitikia mstari wa pili, kwa mbali, kushoto. Akaimba tena; mwingine akaitikia, karibu zaidi, kwa mafua. Kila mwombaji alikuwa na mstari wake. Hivyo ndivyo alivyokuwa anawapitia watu wake: anayeitikia yuko sawa, asiyeitikia amelala au amezidiwa, basi anafuatwa na uji. Alipofika kwenye mstari wa Nyar Alego hakuitikia mtu. Pamela alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Mama Roda akarudia. Ndipo sauti kavu ikatoka chumba cha ndani, nyuma ya ufa mwingine mwembamba kuliko ule wa kwanza:

"Nimekusikia. Leo sina sauti ya kuimba."

Pamela alibaki Jikoni. Alisema akimsikia mamake karibu atalia na kuharibu biashara. Mimi nikajipenyeza. Nilipozima tochi ili kuokoa kidogo kilichobaki, giza likawa zima.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Mama. Wa viatu."

"Wamekosa mtu mwingine wa kumtuma?"

"Wamekosa, Mama."

Akacheka kidogo kwa pua. Nikaanza na mabati, kama nilivyoagizwa. Nikayasifu. Nikaeleza jinsi moshi utakavyotoka na jinsi mvua itakavyoingia kwenye pipa badala ya kwenye chungu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui kuuza gizani. Sokoni mteja hukuambia "ghali" huku jicho lake limeshikilia kiatu, nawe unafuata jicho. Hapa sikuwa na jicho. Nilikuwa na pumzi tu, na maji yakidondoka. Nikaongeza mbuzi. Nikaongeza mbuzi wa pili ambaye Mzee hakuwa amemtaja.

"Mwambie abaki na mbuzi wake," akasema hatimaye. "Mwanangu, unajua nini kilinipata mwaka jana? Nilitoka hospitali nimeshikwa mkono huku na huku. Nikafika langoni nikaona mahindi yamefika kwenye goti. Nikauliza, nani ametoa mbegu? Watu wakaangalia chini. Yule bwana akaniambia, karibu, uji uko tayari. Kama mgeni. Nimekula yale mahindi mwaka mzima, na kila nikitafuna naona kama nimekaribishwa."

"Ulikuwa mgonjwa, Mama. Mvua—"

"Angekuja hospitali akaniambia. Ningempa mbegu kwa mkono wangu pale kitandani, akazibeba kwenye kofia. Safari ya nusu siku. Hakuja kwa sababu hakunikumbuka." Nikamsikia akijifunga leso. "Sasa ananikumbuka, sivyo?"

"Anakukumbuka sana, Mama. Mahindi ya majirani yamemea."

"Basi aje mwenyewe. Si mlangoni. Hapa nilipo. Aseme kwa mdomo wake mbegu za boma lile ni za nani."

"Na usipotoka, wajukuu watakula nini?"

"Hilo ndilo naliomba humu kila siku," akasema. "Usidhani nalala."

Nikatoka. Nikashuka Otonglo nikamkuta Mzee na chapati. Nilipompa ujumbe alisema mwanamume hamfuati mke ndani ya shimo, hajawahi kuona, na babake hakuona. Ningebishana naye mpaka jioni. Walionisaidia ni akina mama wawili waliouza nyanya nyuma ya kile kibanda, ambao hawakujua kwamba ukuta wa mabati unapitisha maneno.

"Huyo si ndiye shamba lake liko uchi?"

"Ndiye. Wanasema mke amemkimbilia Mungu."

"Na yeye?"

"Yeye amekimbilia chapati."

Mzee Okumu aliweka chapati chini. Akalipa. Akapanda kile kilima bila kuzungumza, akivuta pumzi kama mvukuto, na mvua ikaanza tena tukiwa njiani. Akavua gamubuti mlangoni, akavua na koti. Ufa wa kwanza ulimpitisha kwa kumkwaruza. Sebule alipita, Jikoni alipita kwa magoti. Nilimtangulia ndani kwa Nyar Alego ili niwe upande wa mnunuzi na wa mwuzaji pamoja. Mzee akaingiza kichwa katika ufa wa mwisho, akaingiza mkono wa kulia, bega, nusu ya kifua. Kisha akasimama.

"Njoo, Mzee," nikasema.

"Nimekuja."

"Endelea."

"Hakuna kuendelea."

"Basi rudi kidogo ujipange."

Tukasikia akijaribu. "Hakuna kurudi," akasema, kwa sauti ndogo ambayo ng'ombe wake wasingeitambua.

Nyuma yake Pamela alimvuta mguu. Hakusogea. Kutoka chumba kingine, mwombaji mwenye mafua akauliza ni nani ameziba njia, kwa sababu kuna mtu ana haja ya nje. Nikawasha tochi, ikatoa rangi ya chai na kuzimika, lakini niliona uso wake: jasho, vumbi la popo, macho makubwa. Nyar Alego naye aliuona.

"Nilisema mpaka hapa nilipo," akasema. "Hajafika."

Hapo angalau nilijua kazi yangu. "Mama, tuhesabu vizuri. Kichwa kimefika. Mdomo umefika. Mkono wa kuapia umefika. Kilichobaki kule nje ni tumbo, na tumbo halina la kusema."

Nyar Alego akacheka. Alicheka mpaka popo wakaamka, na Mzee naye, akiwa amebanwa vile, alianza kucheka kwa kukoroma kwa sababu hakuwa na nafasi ya kifua. Lakini Nyar Alego alipoacha kucheka aliuchukua ule mkono wa mumewe akaubandika juu ya jiwe. Mama Roda, kutoka nyuma ya miguu ya Mzee, alisema kwa utaratibu, kama mtu anayesoma masharti ya nyumba, kwamba neno linalosemwa humo mkono ukiwa juu ya jiwe hufunguliwa na yule aliyelidai tu.

"Mbegu ni zako, Nyar Alego," Mzee akasema. "Nilikosa. Mtu yeyote wa boma langu hatatoa mbegu kabla yako."

"Mpaka lini?" Nyar Alego akauliza.

"Sema wewe."

"Mpaka nitakaposema mimi kwa mdomo wangu kwamba sasa mwingine aanze."

"Imekubaliwa," nikasema haraka, maana yule mwenye mafua alikuwa anaita tena na Mzee alikuwa anahema kwa shida. Nyar Alego akamsukuma begani kwa viganja vyake viwili, wale wa nje wakavuta miguu, akachomoka kama kizibo. Jioni ile alishuka kilima mbele, mumewe nyuma na gamubuti mkononi, na mimi mwisho nikiburuta soli iliyoachia gundi. Kesho yake asubuhi alitoa mbegu. Kati ya jioni na asubuhi mila ina mambo yake ya mume na mke ambayo hayaulizwi na msichana wa viatu. Mvua iliwangoja kiasi cha kutosha. Mavuno hayakuwa mengi, lakini walikula.

Tangu mwaka ule watu walianza kunichukua kwenye mapatano yao, mahari, mipaka, hata kesi ya fahali, na ndiyo maana nina hizi nyumba za kupangisha Migosi badala ya turubai. Nilijifunza kuuliza kwanza mtu anauza nini hasa, kabla ya kutaja bei. Lakini sikuwahi kurudia makubaliano yale kichwani kwa makini mpaka wiki hii. Nyar Alego alitoa mbegu kila msimu, hata alipozeeka na kushikwa mkono mpaka shambani. Mwezi uliopita alikwenda akiwa usingizini, bila kuaga mtu. Hakusema mwingine aanze. Hakuna aliyemwuliza, nani angemwuliza mama kitu kama hicho?

Mvua imeanza. Kwa desturi Nyachira angeshika nafasi yake bila maneno, na wazee wa ukoo wamemwambia hivyo. Nyachira hataki. "Wazee hawakuwa ndani ya jiwe," ananiambia kwenye simu. "Nilimruka mara moja, dada yangu. Sitamruka akiwa kaburini." Mzee Okumu masikio yamekufa, akiulizwa anasema mbegu ni za Nyar Alego. Mama Roda alishatangulia, na kijana wa kanzu aliyeko mlangoni siku hizi aliniambia juzi kwamba aliyelidai neno ndiye hulifungua, halafu akanitazama kikapu. Pamela ananiomba niseme tu kwamba mamake aliniachia ruhusa mimi, kwa siri, wataniamini. Wataniamini, ndiyo. Hicho ndicho kinachonizuia.

Nimeshapatanisha watu walio hai wa kila namna. Huyu mmoja sina mahali pa kumpata nimwombe apunguze. Nyumba nne zinangoja, mbegu ziko kwenye mabakuli, nami nimewaambia nitawajibu Jumapili. Kama umewahi kuona kwenu neno la aliyekufa likifunguliwa bila kumdhulumu yeye wala kuwalaza njaa waliobaki, nipe shauri, na ulilete haraka.